Kabati la Mama Picha

Mama Picha alikuwa na studio nyumbani kwake. Katika chumba cha mbele alipiga picha na kuzisafisha kwenye kompyuta yake. Katika chumba cha nyuma mumewe alizichapa kwa kompyuta nyingine. Picha zilipita kwenye waya mrefu ulioziunganisha kompyuta hizo mbili.

Zamani zilipita chapchap. Siku hizi, loo! Picha za harusi moja zilikula asubuhi nzima.

"Ni wewe na simu yako!" Mama Picha alimfokea binti yake. "Unamaliza mtandao wote."

"Mama, simu si uliichukua? Imo kwenye droo yako."

"Basi unayo nyingine!"

Binti akaondoka zake. Tangu hapo akawa anakula peke yake chumbani. Mama aliumia moyoni, lakini hakutaka kushindwa na mtoto.

Jirani yao alikuwa fundi wa mitandao. Alipokuja kuchukua picha zake za pasipoti, akaelezwa kisa.

"Dada, usilaumu kabla hujapima," alisema. "Simu inatumia intaneti ya nje. Picha zenu hazitoki nje. Zinatoka chumba hiki, zinaingia kile. Tuipime njia hiyo."

Akaenda nyuma, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja mfupi. "Kompyuta hii sasa inasikiliza." Akarudi mbele, akaandika mwingine. "Na hii inatuma. Haya, soma."

"Megabiti tisa kwa sekunde," alisoma Mama Picha. "Ni nyingi?"

"Nyingi wapi! Kompyuta hizi zinafika mia tisa."

Fundi akaleta waya wake kutoka nyumbani, akautandaza sakafuni, akaunganisha, akapima tena. Mia tisa na arobaini!

"Kompyuta ni nzima. Mgonjwa ni waya wenu."

Wakaufuata ule wa zamani ukutani hadi kwenye kabati la nguo. Mguu wa kabati ulikuwa umeukandamiza mpaka ukawa bapa.

"Kabati hili nani alilihamisha?" fundi aliuliza.

Mume wa Mama Picha akakohoa. "Mimi simo. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama Picha ndiye aliyekuwa amelisukuma hapo mwenyewe. Aibu ikamvaa.

Fundi akaweka waya mpya, akaupitisha juu ya mlango. Picha zote zikafika kabla chai haijapoa.

Mama akafungua droo, akatoa simu, akabisha mlango wa binti yake.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikusingizia."

Binti akaipokea. "Na ile simu nyingine, mama, umeipata?"

"Nimeipata. Ilikuwa chini ya kabati langu."

Wakacheka wote wawili. Mchana huo mezani palikuwa na sahani tatu.