Kijani Kwenye Mkono wa Koti

"Huyo wako anapika vumbi, na wewe unamwoshea vyungu?" jirani aliwahi kumuuliza binti, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Binti alikuwa mwosha chupa wa maabara. Mtafiti wa maabara hiyo alikutana naye langoni, asubuhi watu wakisukumana kuingia kazini. Alimkanyaga kiatu kipya cheupe, akaomba radhi mara nne. Kuanzia hapo hawakuachana. Mtafiti alimwonyesha chembe alizozipika mwenyewe, ndogo kuliko vumbi, ambazo zikimulikwa kwa taa ya zambarau zinawaka kijani. Akibana sumaku ubavuni mwa chupa, chembe zinang'ang'ania pale. Anamwaga maji, zenyewe zinabaki.

"Siku moja daktari atazituma mpaka kwenye uvimbe, azione zikiwaka."

"Na mimi utanituma wapi?"

"Wewe hutumwi, mpenzi. Wewe ndiye sumaku."

"Hayo maneno umeyapika leo?"

Basi siku moja chupa yenye chembe hizo, kazi ya miezi saba, ikakutwa tupu. Mtafiti, akimnyooshea binti kidole, akasema mbele ya mkubwa wake na wenzake wote, "Mwoshaji ni huyu."

Binti alivua glavu, akaenda zake. Simu ikaita siku tatu, akiitazama tu. Siku ya nne akapokea.

"Mpenzi, usikate."

"Sema upesi."

"Nimepitisha ile taa ya zambarau kwenye koti langu. Mkono mzima unawaka kijani. Nilimwaga maji sijabana sumaku. Ni mimi."

"Umemwambia nani?"

"Mkubwa wangu, mbele ya wale wale."

"Mama naye anangoja kusikia."

Jioni hiyo mtafiti akaja nyumbani kwao, shati limenyooshwa, akakaa ukingoni mwa kiti. Mama alikuwa akikunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwaibisha mwanangu mbele za watu?"

"Ndiye mimi. Na mbele za watu nimekiri."

"Na kazi ikimwagika tena?"

"Nitaanza kwa kukagua mikono yangu mwenyewe."

Mama akamgeukia binti. "Bado unamtaka?"

"Namtaka. Ila radhi aniombe mimi, mama, si wewe."

Mtafiti akainuka, akajikwaa kwenye mguu wa kiti. "Nisamehe. Niliogopa, nikakutwisha wewe kosa langu. Nikubalie nikuoe, nami sitakutwisha tena lisilo lako."

Midomo ikamcheza binti, tabasamu likamponyoka.

"Kaa, bwana. Utaanguka."

Mama akaiweka kanga ya mwisho juu ya nyingine, akajitupia mtandio, akapita katikati yao, akaurudishia mlango taratibu na kwenda zake.