Mifuko Thelathini ya AB

Amri ilikuwa na maneno mawili tu.

TOA DAMU.

Eduviges Calcina aliisoma kwenye simu, akaifuta, akapanda ngazi za basi jeupe la kuchangia damu lililoegeshwa katika uwanja wa Macusani, mji wa milimani nchini Peru. Alikuwa amevaa sketi tatu na kofia ya mviringo, kama wanawake wengine wa soko la Jumapili. Chini ya sketi ya tatu kulikuwa na bastola aina ya Beretta.

Walimlaza karibu na dirisha.

"Haiumi," alisema Daktari Krauth, mzungu mrefu mwenye macho yasiyopepesa. Sindano ikaingia.

Iliuma.

"Zamani, wazee walisema, wazungu walitaka mafuta ya miili yetu, wakalainishie mashine zao," alisema Bibi Casimira, mfugaji wa alpaka, wale wanyama wa sufu wa milimani, aliyelala kitanda cha pili. "Sasa wanataka damu. Mafuta sina, damu ndiyo hiyo inaishia. Mbona hakuna anayekuja kuchukua huu mguu unaoniuma?"

Foleni nzima ikacheka. Krauth hakucheka.

"Lakini leo ni kwa mwalimu Felícitas, bibi," Eduviges alisema.

"Mwalimu ningempa hata roho. Wajukuu zangu wote wanasoma kwa sababu yake."

Mwalimu Felícitas Quecaño alikuwa amejifungua juzi katika hospitali ya Juliaca, na damu ilikuwa haikatiki. Akiba ya hospitali ilikwisha. Jamaa walete wachangiaji, waliambiwa, kama ilivyo desturi. Kijiji kizima kikaja. Damu ikichelewa kupita saa kumi jioni, basi tena.

Krauth hakuwa amekuja kwa ajili ya mwalimu.

Wiki nzima alikuwa akizunguka kwa wafugaji, akiwatoa damu alpaka wenye sufu bora. Utafiti wa vinasaba, alisema, na kila mfugaji alimpa chupa ya chai kwa shukrani. Mwaka uliopita alifanya vivyo hivyo katika bonde la jirani, akawachoma na sindano aliyoiita dawa ya minyoo. Tangu siku hiyo hakuna alpaka aliyezaa katika bonde lile.

Hata mmoja. Mbegu ya sufu ile sasa ilikuwa kwake peke yake.

Eduviges alijifanya kuona kizunguzungu. Akaushika mfuko wa damu yake mwenyewe, na kidole gumba kikabandika chini ya lebo kitu kidogo kama punje ya ulezi. Kifaa cha kufuatilia.

Ndipo alipoliona sanduku la pili la baridi, kando ya lile la damu ya wachangiaji. Kifuniko kilikuwa wazi kidogo.

AB. AB. AB.

Mifuko thelathini.

Akaivuta kofia usoni, akashuka ngazi.

Nusu saa baadaye basi liliondoka. Eduviges alikwenda nyuma ya kanisa, akaitoa redio yake ya Motorola kwenye kofia.

"Sindano kwa Jiko," aliita kwa majina yao ya siri.

"Jiko. Sema." Ilikuwa sauti ya Meja Larico, mkuu wake.

"Limeondoka."

"Kuelekea Juliaca?"

Alitazama simu. Nukta nyekundu ilifika njia panda. Juliaca ni kusini. Nukta ikakata kaskazini, kule barabara inakoporomokea msituni, kwenye viwanja vya ndege visivyo na jina.

"Hapana, Meja. Anaondoka na damu ya mwalimu. Ameifanya kisingizio. Nani atapekua sanduku la damu ya wagonjwa?"

Ramani ikasikika ikikunjuliwa.

"Helikopta itakuwa kwenye kizuizi cha polisi cha Ollachea baada ya saa moja. Mzuie hapo."

Pikipiki yake ya Honda ilinguruma.

Hakufuata lami. Alifuata njia ya alpaka, mteremko kwa mteremko, mawe yakiruka chini ya magurudumu. Hewa ya huko juu ni nyembamba hata kwa mtu mwenye damu kamili, naye alikuwa ametoka kupunguzwa karibu nusu lita. Milima ilianza kuzunguka. Akatia shavuni majani ya koka, yanayotuliza kizunguzungu cha milimani.

Akaomba. Hakuwa na maneno mengi.

"Bwana, nishike mpaka kizuizini. Baada ya hapo nikianguka si neno."

Alifika Ollachea wakati Konstebo Wilber Huanacuni anafanya ishara ya msalaba kuwaombea wagonjwa, mkono mmoja tayari ukiinua mti wa kizuizi. Basi jeupe lilikuwa mbele yake, injini ikiwaka.

"Usifungue!" Eduviges alipaza sauti.

"Dada, una wazimu? Hiyo ni damu ya wagonjwa!"

Eduviges alionyesha kitambulisho. Wilber akakakamaa.

"Samahani, afande."

"Wewe damu yako kundi gani?"

"O, afande."

"Mama yako?"

"O."

"Jirani yako?"

"O. Afande, huku kwetu nani si O?"

"Basi niambie. Ndani ya basi hilo kuna mifuko thelathini ya AB. Imetoka kwa watu wa kijiji gani?"

Wilber aliangalia basi. Mkono wake ukaushusha mti taratibu.

Krauth alikuwa amechagua alama ambayo isingechanganyika na damu ya watu. Kwao, watu wa AB wapo. Hapa haikuwa na mwenyewe.

Eduviges aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoboa mfuko mmoja wa AB, akadondosha tone kwenye kioo cha hadubini ndogo iliyobanwa kwenye simu yake. Chembe za damu ya mtu ni duara. Hizi zilikuwa ndefu, kama punje za mchele.

Damu ya alpaka.

"Weka silaha chini!" ilisikika sauti ya Krauth kutoka nje.

Eduviges alipokuwa ameinamia hadubini, Krauth alikuwa amelinyakua sanduku la O, damu ya mwalimu. Alisimama ukingoni mwa daraja lililokuwa kando ya kizuizi, sanduku likining'inia juu ya mto.

"Mimi naondoka na AB yangu. Ama sivyo, mwalimu wenu mzikeni kesho."

Eduviges hakufikiri mara mbili. Akashuka, akaitoa Beretta, akaiweka barabarani.

"Chukua wanyama wako. Niachie mtu wangu."

Krauth alilitua sanduku, akarukia usukani. Macho yake hayakumwacha Eduviges. Ndiyo maana hakumwona Wilber akivuta kamba, wala ubao wa misumari ukiteleza chini ya magurudumu.

Pssss.

Basi liliyumba, likajibamiza kwenye ukuta wa mwamba. Krauth alipotambaa nje, Beretta ilikuwa imekwisha rudi mkononi mwa mwenyewe.

"Mikono nyuma, daktari." Pingu zikalia. "Haiumi."

Chini ya kiti cha dereva walikuta kasha la sindano mia tano zilizokwisha jazwa ile dawa ya minyoo, na orodha ya mabonde na wafugaji wake. Akishaikabidhi damu, kazi ilikuwa ianze kesho asubuhi. Jina la kwanza lilikuwa la Bibi Casimira.

Wilber aliisoma, akavua kofia.

Helikopta iliondoka na sanduku la O saa nane na nusu.

Saa kumi na robo Eduviges alikuwa kwenye banda la chakula kando ya barabara, bakuli la supu ya kichwa cha kondoo mbele yake. Redio ikakoroma.

"Jiko kwa Sindano. Mwalimu ameongezwa damu. Amefumbua macho."

Alifumba yake. Akashukuru kwanza. Kisha akajibu.

"Nimepokea."

"Rudi ofisini uandike ripoti."

"Kesho, Meja. Mtu aliyetoa damu huambiwa apumzike."

Akaizima redio, akamaliza supu. Akabandua kipamba mkononi, akavaa kofia, akaiendea Honda yake.

Barabara ya kwa Bibi Casimira ilikuwa ndefu, na habari za ile dawa ya minyoo alitaka kumsimulia yeye mwenyewe.