Mawe Niliyoyachemsha

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya mtaa wetu. Nafua siku sita kwa wiki, na ya saba nafua ya kwangu. Nikirudi nyumbani sitaki habari za mtu. Nataka kukaa tu. Lakini wapi! Kuna vyombo, kuna sakafu, kuna mama mkwe anayetaka chai, na kuna mtoto anayetaka kujua kwa nini sabuni haina meno lakini inauma macho.

Mtoto huyo ni mwanangu wa pekee. Ana miaka sita. Tunamwita Chiriku, maana haachi kusema tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba.

Baba Chiriku ni fundi wa majokofu. Mwaka jana alitengeneza mitambo ya baridi katika hoteli moja kubwa. Hoteli ilikuwa inabadilisha ukumbi wake, na tangi la samaki lililokuwa pale halikutakiwa tena. Akapewa yeye. Lililetwa nyumbani na wanaume wanne, wamelibeba kama wanaokwenda kuzika.

"Hilo nini?" nikauliza.

"Tangi la samaki wa bahari, mama Chiriku. Maji ya chumvi, mawe, matumbawe hai. Nyumba yetu itakuwa na bahari yake."

"Na bahari ikimwagika nani atapiga deki?"

Mama mkwe akalizunguka lile tangi, akaligonga kioo kwa kidole.

"Hao samaki tutawala lini?"

"Hawaliwi, mama. Ni wa kutazama."

"Wa kutazama! Kwani mimi nikitazama nashiba?"

Pale hotelini kulikuwa na mwanamke aliyetunza matangi. Watu wanamwita Fundi Samaki. Yeye ndiye aliyempa mume wangu mawe manane yaliyotoka katika tangi lile. Yalikuja ndani ya ndoo yenye maji ya chumvi. Juu ya mawe kulikuwa na vitu laini, vidogo kama vifungo vya shati, vya kijani na vya rangi ya chungwa. Kila kifungo kilikuwa na ndevu ndogo pembeni, kama ua. Hayo ndiyo matumbawe. Si maua. Ni wanyama.

Mume wangu akaiweka ndoo kwenye kona ya jikoni.

"Mawe haya usiyaguse," akasema.

"Kwa nini?"

"Usiyaguse tu. Nitayashughulikia mwenyewe Jumapili."

Akala, akalala. Sikuuliza tena. Katika nyumba yetu "usiguse" ni neno la kila siku. Usiguse bisibisi zangu. Usiguse chaja yangu. Nikadhani ni yale yale.

Siku ya tatu ndoo ikaanza kunuka. Ilikuwa Jumamosi. Mume wangu aliitwa kazini asubuhi, chumba cha barafu cha bucha kimeharibika. Mama mkwe akaja jikoni ameziba pua kwa kanga.

"Mkwe wangu, humu ndani kuna kitu kimekufa."

"Ni mawe ya mwanao, mama."

"Mawe hayafi. Hayo ni machafu tu."

Na dobi anajua dawa moja ya uchafu: brashi na maji yanayochemka. Nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi la barabarani. Nikateleka sufuria mbili kubwa. Mawe yalikuwa na utelezi, nikayasugua kwanza kwa brashi, kisha nikayatumbukiza moja moja. Mvuke ukajaa jikoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni akimenya viazi. Chiriku alipanda kwenye kigoda, akainama juu ya sufuria.

"Mama, maua yamefumba."

"Yanaoga. Usije ukaungua."

Nilimwambia asiungue. Hilo tu ndilo nililoliogopa. Naliandika hapa kwa sababu najua kuna mama mwingine anayeogopa moto tu.

Baada ya muda nikahisi ladha ya chuma mdomoni, kama nimenyonya msumari. Midomo ikawa inawashawasha. Mama mkwe akaanza kukohoa. Viungo vikaniuma vyote. Nikasema ni uchovu. Uchovu nimeuzoea, basi kila kitu nakiita uchovu. Nikaenda kujilaza.

Mchana nikaamka natetemeka kwa baridi, na jua linawaka. Nyumba ilikuwa kimya. Nikajiuliza, kimya hiki kimetoka wapi? Nikamkuta Chiriku amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Mabega yanapanda na kushuka. Nikampigia magoti.

"Una nini, mwanangu?"

"Hewa haiingii," akasema.

Jirani yetu ni dereva wa teksi. Alituchukua watatu mpaka hospitali. Chiriku akawekewa hewa ya mtungi. Daktari alikuwa kijana, naye macho yake yamechoka kama yangu.

"Mmekula nini leo?"

"Chai na mkate."

"Mmepuliza dawa ya wadudu? Mmewasha mkaa ndani?"

"Hapana, daktari. Kazi za nyumbani tu."

Sikutaja mawe. Nani anamweleza daktari habari za kufua mawe? Akasema huenda ni mafua makali. Mama mkwe na mimi tukaandikiwa vidonge. Chiriku atazamwe mpaka jioni, akipata nafuu turudi naye nyumbani. Turudi naye kule kule, kwenye sufuria zile zile.

Mume wangu akafika mbio, nguo zimelowa maji ya barafu.

"Kumetokea nini?"

"Hata sijui. Nilikuwa nasafisha jikoni. Yale mawe yako yalikuwa yananuka, nikakuchemshia. Sasa ni safi."

Akakaa chini. Si kwenye kiti. Sakafuni.

"Umeyachemsha?"

"Sufuria mbili."

Akampigia simu Fundi Samaki. Sauti ya yule mwanamke tuliisikia sote, ingawa simu ilikuwa sikioni kwa mume wangu.

"Mpe daktari simu! Sasa hivi! Na mtu yeyote asiingie jikoni humo!"

Daktari akasikiliza, akaandika, akauliza, akaandika tena. Kisha akachana karatasi ya vidonge.

"Baadhi ya matumbawe yana sumu kali sana," akatuambia. "Ukiyachemsha, sumu inatoka pamoja na mvuke, nanyi mmeivuta. Haina dawa yake maalumu. Lakini sasa najua ninachopambana nacho. Hakuna anayeondoka. Mtoto atakaa karibu na meza yangu."

"Atapona?" nikauliza.

"Mngechelewa kusema, huenda ningekujibu hapana. Ngoja tuone."

Hiyo "ngoja tuone" ilidumu siku tatu. Mama mkwe na mimi tulipewa vitanda jirani. Nilikuwa nahesabu pumzi za Chiriku. Nikifika mia naanza upya. Mume wangu alisimama kati ya vitanda, hajui amshike nani.

"Nilijua," akasema siku ya pili.

"Ulijua nini?"

"Fundi Samaki aliniambia siku ile ile. Vaa glovu. Vaa miwani. Usisugue, usikaushe, usichemshe. Niliona ni maneno mengi, na nilikuwa nimechoka. Nikasema usiguse, nikalala."

Nilitaka kumpigia kelele. Nguvu sikuwa nazo. Na mimi nilikuwa nimechoka siku ile, sikuuliza mara ya pili.

Mama mkwe akageuka kitandani kwake.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "ungesema 'sumu'. Mbona ni neno fupi kuliko 'usiguse'?"

Siku ya tatu asubuhi Chiriku alitolewa mrija wa hewa. Akanitazama, akauliza, "Mama, mawe yakichemka yanaumia?" Nikalia mpaka muuguzi akaja kuniuliza mimi ndiye mgonjwa au mtoto.

Wakati tukiwa hospitalini, Fundi Samaki alikwenda kwetu. Alivaa glovu ndefu, miwani ya kujikinga na barakoa ya mafundi rangi. Alifungua madirisha yote. Maji ya sufuria yalikuwa yameshapoa; akatia ndani yake dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, akaiacha mpaka kesho yake. Mawe, brashi, sufuria zote mbili, vyote vikafungwa na kutupwa. Sufuria zile nilizipenda. Sikuzidai.

Tuliporudi nilitaka tangi livunjwe. Fundi Samaki akaja kutujulia hali, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Una haki, dada," akasema. "Ukitaka litoke, nitalichukua leo. Lakini kosa si la tangi. Kosa ni kwamba mimi nilimfundisha mtu mmoja, na nyumba ina watu wanne. Mkitaka, safari hii nawafundisha wote."

Tukakaa wote, hata mama mkwe. Fundi Samaki akaeleza taratibu.

"Tunaanza na mawe makavu, hayana kitu juu yake. Matumbawe ya vifungo hayaingii nyumba yenye mtoto. Tangi likae juu ya meza imara, mbali na jua, mbali na jiko. Waya wa pampu ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye soketi. Maji yakitiririka juu ya waya, yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye umeme."

"Chumvi ninayo jikoni," nikasema.

"Hiyo ya chakula hapana. Kuna chumvi ya matangi ya bahari. Unaikoroga kwenye ndoo, na maji yaliyochujwa. Ya bomba yana dawa ndani yake. Unapima kwa kipimo hiki kabla ya kumimina. Kisha mnasubiri wiki sita hivi, bila samaki."

"Wiki sita tangi tupu!" mama mkwe akasema. "Hata mimba huonekana mapema."

"Haliko tupu, mama. Kuna vijidudu wazuri wanaozaliana kwenye mawe, hatuwaoni kwa macho. Hao ndio watakaokula uchafu wa samaki. Ukitia samaki kabla yao, samaki anakufa kwa uchafu wake mwenyewe. Mnapima maji kila wiki. Kipimo kikionyesha sumu ya uchafu imekwisha, mnatia samaki mmoja. Mmoja! Na maji yakipungua kwa joto, mnaongeza maji yasiyo na chumvi."

"Kwa nini yasiyo na chumvi?" akauliza mume wangu.

Hilo nililijua mimi.

"Kama jasho kwenye kola ya shati," nikasema. "Maji yanakauka, chumvi inabaki. Ukiongeza ya chumvi, chumvi inazidi."

"Ewaa, dobi!" Fundi Samaki akapiga makofi. "Mtu aliyekuwa anatakiwa kufundishwa siku ya kwanza ni wewe."

Tukafanya hivyo hivyo. Glovu na miwani vikatundikwa kando ya tangi. Kwenye ukuta nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: USICHEMSHE, USISUGUE, NAWA MIKONO, UKISIKIA LADHA YA CHUMA AU KIFUA KIKIBANA TOKA NJE, NENDA HOSPITALI, MWAMBIE DAKTARI. Wiki ya saba aliingia samaki mmoja wa rangi ya chungwa. Baadaye wakawa watatu, na matumbawe mengine ambayo Fundi Samaki aliyachagua mwenyewe. Kifua cha Chiriku kimepona, ingawa mimi bado nasimama mlangoni kwake kumsikiliza anavyopumua.

Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzake mume wangu alikuja kutazama. Akapenda.

"Nimegee kipande cha hayo matumbawe ya zambarau nikaanzishe kwangu," akasema.

Mume wangu hakunyanyuka.

"Kwako nani anaosha vyombo?"

"Vyombo? Mke wangu. Na dada yangu."

"Basi leo huondoki na kitu. Kesho njoo nao."

"Wote, kwa kipande cha jiwe?"

"Wote. Kwa kipande cha jiwe."

Kesho yake walikuja watatu. Nilikuwa nimetoka kufua mashuka arobaini, mgongo unawaka. Nikaketi nao, nikawaeleza tangu ndoo mpaka mtungi wa hewa. Yule dada akauliza maswali manne. Nikayajibu yote manne.