Mwanya wa Nesi

Kwaa. Kifuniko cha kopo la biskuti kilibanduliwa kwa ncha ya kijiko, na Chiriku akafumbua macho. Nje bado kulikuwa giza. Ukilisikia kopo lile kabla ya mapambazuko, ujue Bibi anatafuta picha, maana biskuti zake ziliisha kabla hata mama yake Chiriku hajazaliwa.

Jina lake la kwenye daftari la shule lilikuwa jingine. Chiriku aliitwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Amka unawe uso," Bibi alisema. "Ulitaka picha za Nesi. Hizi hapa."

Nesi alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaa wao. Ijumaa ya wiki ile angestaafu, baada ya kuwachanja karibu watoto wote wa shule ya Chiriku. Darasa lao lilikuwa limemwandikia kitabu kidogo cha shukrani, ambacho kingebaki zahanati ili watoto wakiangalie wanaposubiri sindano. Mwalimu wao alikuwa na programu ya kompyuta inayogeuza picha ya kamera kuwa mchoro. Chiriku ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua picha ya jalada.

"Inachora yenyewe?" Bibi aliuliza.

"Yenyewe, Bibi. Inaitwa akili bandia."

"Mm. Meno bandia nayajua. Kumbe na akili zimeanza kuwekwa."

Chiriku alicheka huku akipekua picha. Akachomoa moja ya harusi ya shangazi yake. Nesi alikuwa amevaa gauni la kumetameta na kupakwa rangi midomoni, na kofia ya mgeni wa mbele yake ilimtia kivuli usoni.

"Hii hapa. Amependeza kweli."

Bibi aliisogeza kwenye taa. "Gauni limependeza. Nesi mwenyewe namtambua kwa kubahatisha. Kwa nini usiende zahanati ukamwomba umpige nyingine?"

"Mpaka kule, Bibi? Hii inatosha."

Bibi alimmiminia chai, akamsogezea kile kikombe kisicho na ufa.

Shuleni, Mwalimu aliiingiza picha ile kwenye kompyuta. Punde mchoro ukatokea: mwanamke mwenye ngozi laini kama yai, anatabasamu, meno yamejipanga kama punje za mahindi. Darasa zima likaguna kwa kupendezwa. Mwalimu aliuinamia mchoro kidogo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mwalimu," Chiriku alijibu upesi, ingawa moyoni kitu kilimkereketa.

Alirudi nyumbani na nakala yake, akamwonyesha mdogo wake wa miaka minne, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba.

"Huyu nani?" Kitinda aliuliza.

"Nesi."

"Siye. Nesi ana mlango."

"Mlango gani tena?"

Kitinda aligusa meno yake ya mbele kwa kidole. "Hapa. Ndege anatokea hapa."

Chiriku akautazama tena mchoro. Alikumbuka. Nesi alikuwa na mwanya mpana kwenye meno ya juu. Kila akiwa na sindano mkononi humwambia mtoto, "Msikilize ndege," kisha hupiga mluzi mwembamba kupitia mwanya ule. Mtoto humtafuta ndege darini, humtafuta dirishani, na akigeuka anakuta pamba iko mkononi na sindano imekwisha. Chiriku mwenyewe alimtafuta ndege yule mpaka akatimiza miaka sita.

Lakini kwenye picha ya harusi Nesi alikuwa amefumba midomo. Mashine haikuyaona meno yake, ikamtungia mengine.

"Basi akili bandia imempa meno bandia," Bibi alisema.

Chiriku hakucheka. Alichukua kalamu nyeusi akachora mwanya kwenye nakala yake. Ukaonekana kama jino bovu. Akaiweka kalamu chini.

"Bibi, Mwalimu aliniuliza kama ndiye. Nikasema ndiye."

"Basi kesho utasema siye. Si neno refu, mjukuu wangu."

Halikuwa refu, lakini asubuhi alilirudia njia nzima mpaka akafika mbele ya meza ya Mwalimu. "Mwalimu, yule siye. Nilijua hafanani naye, nikaona uvivu kwenda zahanati."

Mwalimu alitazama saa. "Kitabu kinakwenda kwa mchapaji saa nane mchana." Kisha akatoa simu yake mfukoni na kumkabidhi. "Nenda wakati wa mapumziko. Mwombe Nesi ruhusa kwanza, ndipo umpige picha."

Chiriku alifika zahanati akihema.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Chiriku. Ni homa, au ni maneno yamekujaa?"

Alimweleza yote, hata lile la uvivu, kisha akaomba ruhusa. Nesi alijitazama. "Na sare hii iliyofubaa? Si ungengoja nivae vizuri?"

"Tunakutaka hivyo hivyo, Nesi. Ndivyo tunavyokujua."

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria, kwa kuwa dirisha lilikuwa nyuma ya Nesi. Nesi aliitazama, akainuka, akageuza kiti chake kuelekea dirishani.

"Mimi huanza na mwanga," alisema. "Sindano siipeleki nisipopaona. Na hiyo mashine yenu ionyesheni, isije ikachoma kwa kubahatisha."

Chiriku alifuta kioo cha kamera kwa pindo la sketi. Akasogea karibu, uso wa Nesi ukajaa kwenye simu. Lakini kila alipoinua simu, Nesi alikaza shingo na kufumba midomo.

"Nesi," Chiriku aliuliza, "yule ndege yuko wapi siku hizi?"

Nesi akapiga mluzi, kisha akaangua kicheko. Chiriku akabonyeza, na kubonyeza tena.

Alipiga picha tisa. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa akazipitia moja moja bila haraka. Hii ina ukungu. Hii macho yamefumba. Hii mkono umefunika kidevu. Ya saba ndiyo iliyokuwa na uso mzima, mwanga laini, mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho, na katikati ya meno ule mwanya.

Hata hivyo mashine ilijaribu tena kuuziba. Mwalimu akaiandikia: "Mwanya usizibwe." Mara ya pili ikatii.

Ijumaa, Nesi alikipokea kitabu mbele ya darasa zima na wazazi waliojaa uani kwa zahanati. Alilitazama jalada kwa muda, akapitisha kidole juu ya mchoro.

"Miaka yote wapiga picha huniambia nifumbe mdomo," alisema taratibu. "Nanyi mmeniacha nicheke."

Kitinda alipenya katikati ya miguu ya watu, akaweka kidole kwenye jalada. "Huyu ndiye," akasema.

Mwalimu alimshika Chiriku begani. "Mmesikia? Mashine huchora kwa kile tunachoipa. Tukiipa kivuli, hutujazia ya kwake. Chiriku alichagua kwa pupa, kila mtu hukosea. Lakini alikuja akaniambia ukweli, kisha akarudi kuifanya kazi upya. Hapo mashine haikumsaidia. Ilikuwa kazi yake mwenyewe."

Bibi, aliyekuwa nyuma ya wote, alifuta macho kwa ncha ya kanga yake na kusingizia vumbi.

Watu walipoanza kutawanyika, Nesi alimvuta Chiriku kando.

"Kuanzia Jumatatu nitakuwa nyumbani, na sitakuwa na wa kumpigia mluzi," alisema. "Njoo unitembelee. Kitinda umlete pia, umwambie sindano zote nimeziacha hapa."