Daktari Hsiao, Mimi Sina Kikohozi

Bo-yan alitoka kliniki akiwa ameshika mfuko wa dawa ya kikohozi. Ulikuwa mfuko wa tatu ndani ya wiki mbili, na hakuwa na kikohozi hata cha kusingizia.

Nilikuwa namsubiri juu ya pikipiki.

— Umemwambia?

— Shangazi Kuei-mei, yule jirani yetu, alikuwa amekaa nyuma yangu.

— Juzi mzee wa duka la mchele, leo Shangazi Kuei-mei. Kesho atakuwa nani?

Alipanda nyuma, tukaondoka.

Kliniki ya Daktari Hsiao hapa Douliu, mji wetu mdogo wa Taiwan, ndivyo ilivyo. Namba yako ikiitwa, wanaitwa pia wawili wanaokufuata, wanakaa kwenye viti mle mle ndani, mgongoni kwako, wanasikiliza ugonjwa wako. Ukiomba faragha, daktari anacheka, anasema hapa wote ni majirani. Ukipiga simu, anapokea mke wake, ndiye nesi, na huyo kila asubuhi anafanya mazoezi bustanini na mama yake Bo-yan.

Na jambo lenyewe halikuwa la kusikilizwa na majirani. Bo-yan alizaliwa msichana. Kwenye kadi ya bima anaitwa Su-chen, nyumbani wanamwita A-chen. Mimi nilimjua kwa jina la Bo-yan tangu asubuhi ya kwanza aliponunua chapati ya mayai pale ninapopika, na kwangu ni mwanaume, basi. Huu ulikuwa mwaka wetu wa pili wa kupendana.

Hospitali moja kubwa Taichung ilikuwa tayari kumwanzishia sindano za homoni za kiume Alhamisi. Walitaka barua moja tu. Utotoni aliugua ugonjwa uliomshika moyo, na aliyemtibu miaka yote ni Hsiao. Bila barua ya Hsiao hakuna sindano, anarudi mwisho wa foleni, miezi saba mingine. Na ili barua iandikwe, ilibidi Hsiao aambiwe ni ya nini.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tulikula tambi, akaenda kwao. Mimi maneno mdomoni hayatoki, ila kwenye simu yanatoka. Nikamwandikia:

"Nimechoka kuitwa rafiki yake A-chen. Kama mzee mmoja anakushinda, baba yangu utamwambia nini? Kesho ukitoka na dawa ya kikohozi, narudi kwetu Pingtung."

Akakaa nayo saa nzima. Kisha:

"Kesho uingie na mimi."

Jumatano nikajiona mjanja. Nilitoa kadi yangu mara tu baada ya yake, ili kiti cha nyuma kiwe changu. Nikasahau kwamba viti ni viwili. Namba yetu ilipoitwa, aliyeingia nyuma yangu ni Shangazi Kuei-mei yule yule, amerudi kulalamika kwamba dawa ya presha inamtia kizunguzungu.

— Wewe binti, unaumwa nini? akaniuliza.

— Tumbo, Shangazi.

— Una mimba?

Daktari alikuwa ameshaanza.

— A-chen. Kikohozi bado?

Bo-yan aligeuka akanitazama, akamtazama Shangazi, masikio yakamwiva mekundu.

— Bado, akasema.

Mimi hata kumwambia dereva wa basi asimamishe huwa nashindwa. Lakini nilijikuta nimesimama.

— Shangazi, naomba tutoke nje kidogo.

— Nje kufanya nini? Kiti hiki nimekisubiri saa nzima.

Daktari akatuambia tukae. Ndipo Bo-yan akasema, bila kugeuka tena:

— Daktari Hsiao, mimi sina kikohozi. Sijawahi kuwa nacho. Mimi ni mwanaume. Naomba barua kuhusu moyo wangu, kesho naanza sindano za homoni za kiume.

Nesi akaacha kuandika. Daktari akavua miwani.

— Mama yako anajua?

— Nina miaka ishirini na nane.

— Nimekuuliza kama mama yako anajua.

— Hajui.

— Basi kamwite aje, tuzungumze.

Bo-yan akamweleza tena. Alijijua tangu utotoni, alishapimwa Taichung, kilichobaki ni barua tu. Daktari akasema ni uchovu wa kiwandani, apumzike, akiolewa yatapita. Kila neno la Bo-yan likarudishwa kwa mama. Nilitamani kuipindua ile meza na mihuri yake yote.

Bo-yan hakupandisha sauti.

— Nilipokuwa na miaka minne ulinibeba mwenyewe mpaka hospitali. Siku ile hukumsubiri mama arudi kutoka shambani.

Mzee akavaa tena miwani. Nikadhani atatufukuza. Akamwambia avue koti, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu. Kisha akavuta karatasi, akaandika polepole, akagonga muhuri.

— Hayo mengine siyaelewi, na sijasema nimeyakubali. Moyo nauelewa. Huu ni mzima.

— Kumbe hakuna mwenye kikohozi, akasema Shangazi Kuei-mei. Nami nimevaa barakoa siku zote hizi bure.

Hatukuwa tumefika hata kwenye taa za barabarani simu ya Bo-yan ikaita. Mama yake. Aliweka sauti kubwa ili aisikie na helmeti kichwani, kwa hiyo nami nilisikia yote.

— A-chen. Umemwambia Hsiao kabla yangu?

— Mama...

— Hsiao, na mke wake, na Kuei-mei. Kuei-mei amejua kabla yangu mimi niliyekuzaa.

— Niliogopa, mama.

— Huyo msichana wa chapati yuko hapo?

— Yupo.

— Ni nani kwako?

Miaka miwili jibu lilikuwa moja, rafiki. Nilishika usukani, nikatazama taa nyekundu mbele yetu.

— Ni mchumba wangu.

— Sijakubali lolote, mama akasema. Njooni wote wawili. Mambo ya nyumbani kwangu sitaki kuletewa na Kuei-mei.

Akakata. Bo-yan akanishika kiuno kama mtu anayeogopa kuanguka, na pikipiki ilikuwa imesimama.

— Na Pingtung?

— Tutakwenda wote, kwa baba. Kwanza kwa mama yako.

Taa ikawa ya kijani, wa nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Nikageuza pikipiki.