Mzani wa Mwanvua Waacha Kuyumba

Hapa mwaloni Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, dagaa wa Mwanvua hawana mchanga. Anawaanika juu ya chanja na kuwageuza kwa mkono wake. Mimi nauza mawese kibanda cha jirani, namjua vizuri. Huyu mama hamdhulumu mtu hata dagaa mmoja!

Kwa hiyo siku Frida alipompigia kelele, niliumia hata mimi.

Frida ni mteja mkubwa. Hununua magunia ya dagaa na kuyapeleka Kasulu. Siku hiyo aliweka ndoo ya dagaa juu ya mzani wa umeme. Namba zikapanda, zikashuka, zikapanda tena.

"Huu ni wizi, Mwanvua!" alisema mbele za watu. "Nikirudi nikaukuta hivi, nanunua kwingine."

Mwanvua aliishusha ndoo polepole. Frida akaenda zake.

Mumewe, Bariki, aliufuta mzani, akausogeza huku na huku. Wapi! Namba zilizidi kucheza.

"Tununue mwingine," alisema.

"Haraka ya nini?" nikamwambia. "Mwiteni Skolastika kwanza."

Skolastika ni jirani yetu, fundi wa redio na taa. Alipofika hakuufungua mzani. Alitazama ukutani. Kwenye ekstensheni moja, Bariki alikuwa anachaji betri za taa za kuvulia dagaa. Adapta ya mzani ilichomekwa hapohapo.

"Dada Mwanvua, ukiugusa mzani na mikono yenye maji, unahisi nini?"

"Unanichonyota. Nilidhani nina ganzi."

"Ala! Huo ni umeme, dada. Bariki, chomoa!"

Kisha akauunganisha mzani na betri ndogo yenye volti sawa na za mzani. Tukaweka ndoo. Namba zikatulia tuli.

"Mzani ni mzima," alisema Skolastika. "Ndani yake kuna kifaa kinachopima kwa umeme mdogo sana. Umeme ukiyumba, na namba zinayumba. Chaja za betri zinayumbisha umeme, na adapta hii hafifu inaupitisha hivyohivyo. Tena inavujisha umeme wa ukutani mpaka kwenye chuma cha mzani. Itawaua!"

"Basi tutumie hiyo betri ndogo," alisema Bariki.

"Haitamaliza siku. Tafuteni adapta nzuri. Volti zake ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye mzani. Iwe inatoa umeme usiopanda wala kushuka. Na iwe na transfoma ya kutenganisha. Hapo waya wa ukutani haugusani na waya wa mzani, nguvu inavuka kwa sumaku tu. Halafu ichomekeni peke yake, mbali na chaja."

Nilimtazama kinywa wazi. Fundi kwelikweli, mwanamke yule!

Bariki alijikuna kichwa. "Kumbe ni betri zangu!"

"Ndiyo wewe!" alisema Mwanvua, na hatimaye akacheka.

Walinunua adapta ya namna hiyo, Skolastika mwenyewe akaikagua na kuifunga.

Frida aliporudi, alikuja na pakiti ya sukari ya kilo moja. Akaiweka juu ya mzani. Kilo moja. Akaitoa, akaiweka pembeni mwa sahani ya mzani. Kilo moja. Tulipomweleza kisa cha chaja, akajaribu tena huku betri za Bariki zikichajiwa upande wa pili. Kilo moja!

Frida aliinua kichwa, akapaza sauti ileile.

"Jamani, nisikilizeni! Nilimwita Mwanvua mwizi hapahapa. Nimekosa, naomba radhi hapahapa."

Mwanvua alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Yameisha, dada," alisema. "Lete gunia tupime."