Jina Lililonunuliwa na Timu

Du.

Chancelle alifumbua macho gizani.

Du... du.

Mpira. Mtu alikuwa anapiga mpira kwenye ukuta wa nyuma, ule wa udongo, upande wa kitanda. Saa saba za usiku, labda nane, na katika Bunia ya mwaka ule hata mbwa walijua giza likiingia hutoki. Askari wa doria hawakuulizi jina, wanapiga risasi kwanza. Nani basi? Nani ana wazimu wa kucheza mpira saa hizi, humu mtaani Lumumba?

Mume wake Kasereka hakuwepo. Kesho ilikuwa mechi, na usiku wa kabla ya mechi wachezaji wote walifungiwa nyumbani kwa Hippolyte, prezida wa timu, wasiguse wake zao wala wasiguswe na wachawi wa wapinzani. Mise au vert, ndivyo walivyoiita. Alibaki peke yake na mtoto wao wa miezi saba, Ephraïm.

Du.

Mguu wa mtoto ukaruka.

Chancelle alidhani anaota. Akauwekea mkono. Du... na ule mguu wa kulia ukapiga tena, kwa nguvu, kama mtu anayepiga penalti. Na mtoto mwenyewe amelala fofofo.

Kisha harufu. Udongo mbichi, udongo uliochimbwa mvua ikinyesha.

Harufu hiyo aliijua. Njiani huko Iga Barrière, miaka miwili nyuma: Kakule Ephraïm, mdogo wa mume wake, miaka kumi na saba, mpira aliujua kuliko kaka yake. Homa ilimchukua kwa siku mbili, risasi zikilia. Walimzika kando ya barabara bila sanduku, bila matanga, wakakimbia. Mtoto alipozaliwa wakampa jina lake. Hilo si kosa, nani hafanyi hivyo?

Kosa lilikuwa jingine. Hippolyte, mnunuzi wa dhahabu, msimu ule alikuwa ananunua wachezaji kama mtu anayekusanya mbuzi wa mahari, kana kwamba hakuna vita. Wanne kwa mwezi mmoja. Lakini wazee hakuwataka, na kwake mzee ni mwenye kupita miaka ishirini. Kasereka alikuwa na ishirini na sita. Basi akachukua cheti cha ubatizo cha marehemu, akaenda kusaini nacho. Kukata miaka, wachezaji wote wanakata. Ila yeye alikata kwa karatasi ya maiti.

Chancelle alikuwepo siku hiyo, mtoto mgongoni. Xavier, sekretari wa timu, alisoma jina kwa sauti. Prezida akatoa kufuli jipya, likiwa wazi, akalisogeza mdomoni, akaliambia mara tatu: Kakule Ephraïm. Klak. Kila aliyenunuliwa alifungwa hivyo, asitorokee timu nyingine.

"Sasa iko yetu," prezida alicheka. "Hata akikufa, tukimwita atakuya."

Wote walicheka. Chancelle hakucheka.

Mpira ukanyamaza.

"Shemeji."

Mnong'ono, kwenye ufa wa mlango. Sauti changa, ya kijana ambaye ndevu hazijamwota.

"Shemeji Chancelle... Niko na baridi."

Chancelle alimvuta mtoto kifuani.

"Prezida iko naniita. Watu kwa uwanja wanaita, kila dimanche ya mechi, Ephraïm, Ephraïm. Nimekuya. Lakini miguu yangu ilibakia Iga, shemeji. Ilishaoza." Kitu kilikwaruza mbao, taratibu. "Ephraïm mwenye kuwa na miguu... njo ule mu kitanda?"

Akapapasa nyayo za mtoto. Baridi. Baridi ya mawe ya mtoni, na ilikuwa inapanda... vifundo, miundi, magoti.

Maneno yakamtoka yote kwa mara moja, yanakanyagana:

"Hapana ule, Kakule, nakuomba, ule iko mutoto, hajue hata kusimama, tulimupa jina kwa kukupenda tu, hajakamata kitu yako! Ni kaka yako. Kasereka. Njo alikamata karatasi yako. Iko kule kwa prezida, analala kule!"

"Kasereka," ile sauti ikasema polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Kitu kikaburutwa uani. Kisha du... du... kikielekea mtaa wa juu, kwa Hippolyte. Magoti ya mtoto yakaanza kupata joto. Chancelle akayakumbatia tumboni, akalia bila sauti.

Uwanjani hakwenda. Saa kumi jioni walimleta Kasereka kwa pikipiki, katikati ya dereva na Xavier, miguu inaning'inia kama suruali tupu.

"Dakika ya kumi na moja, mama, alianguka tu," Xavier alisema akipangusa jasho. "Hakuna mutu alimugusa. Prezida anauliza nani atamurudishia dhahabu yake."

Muuguzi alibonyeza mifupa yote. Mizima. Lakini miguu ilikuwa baridi mpaka mapajani, na haikusikia hata sindano.

Walipobaki wenyewe, Kasereka alimshika mkono.

"Mama Ephraïm. Usiku mutu aliniita kwa dirisha. Kasereka, Kasereka. Mule ndani hakuna mwenye anajua ile jina, wote wananiita Ephraïm. Nikasema labda ni weye, labda mutoto anagonjwa... Nikaitika. Nani alimuambia jina yangu?"

Chancelle alitazama blanketi, na ile miguu chini yake, miguu iliyowalisha wote watatu.

"Sijue, Baba Ephraïm."

"Ile mambo ya karatasi, mutu yeyote asiijue. Hata pasta. Hata mama yangu. Apa."

Chancelle alimwinua mtoto mkekani, akafumbata mguu wake mdogo, wa moto.

"Naapa," akasema. "Sitaambia mutu mwingine."